Ofisi Isiyo na Kuta: Kibanda cha Kioo

Mmenishika koo wiki nzima. Simu yangu imejaa jumbe zenu: mzee Bichage yu hai au hayupo? Dolphine aliona nini alipogeuka? Haya, tulieni. Leo mtajua, na huenda mkatamani msingejua.

Kikombe kilimtoka Dolphine mkononi. Chai ikamwagika kwenye zulia jipya la ofisi, lile la kijivu ambalo meneja aliwaonya wasilichafue.

Ndani ya kibanda cha kioo, kile cha kupigia simu, mzee Bichage alikuwa sakafuni. Bega limeegemea mlango, miwani imeshuka mpaka mdomoni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tu, hauna habari. Wa kushoto ulikuwa bado unagonga kioo. Unagonga na hausikiki. Kibanda kile kilijengwa kisipitishe sauti, na fundi aliyekijenga hakula pesa ya bure.

"Baba!" Dolphine alipiga kelele.

Tangu aolewe hakuwahi kumwita mzee yule ana kwa ana.

Sasa wewe uliyepata gazeti hili leo likiwa limefungiwa mandazi, sogea nikueleze haraka haraka, maana mzee hana muda.

Bichage ni baba yake Okari, na Okari ndiye mume wa Dolphine. Ni Wakisii, Wasabato wa kweli kweli, waliohamia huku kwa Wajaluo zamani kutafuta kazi na biashara. Na kwa Wakisii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawakalii kiti kimoja, hawatazamani usoni. Mzee haingii nyumba ya mwanawe hata mvua ikimkuta mlangoni.

Wote wawili waliajiriwa na Wimbi Bima, na miaka yote hiyo hakukuwa na shida. Mzee alikuwa tawi la Homa Bay, kwenye chumba chake chenye mlango wa mbao na jina lake juu. Dolphine alikuwa Migori. Halafu kazi zikabadilika. Kampuni ikaona watu wanaweza kufanyia kazi nyumbani na laptop, ikarudisha ghorofa ya Homa Bay kwa mwenyewe, ikabomoa kuta za Migori. Ikaletwa meza moja ndefu, makochi, maua ya vyungu. Hakuna mwenye kiti tena. Unabuku kwa simu, unakuja siku zako, unakaa palipo wazi, kesho anakalia mwingine.

Vijana walifurahi, na mimi sina ugomvi nao. Mama mwenye mtoto mchanga akifanyia kazi nyumbani, nani atamlaumu? Lakini wateja wa mzee ni wavuvi wa Karungu na wakulima wa Ndhiwa, watu wanaotaka kumwona uso yule anayewaambia mashua yao italipwa. Nyumbani hawezi kuwapokea. Akalazimika kuhamia Migori, akapanga chumba kimoja cha mabati, ingawa nyumba ya mwanawe iko mtaa wa pili.

Na ofisini humo, ukumbi mmoja, mkamwana wake yumo ndani. Mzee alifanya nini? Alijifungia kwenye kibanda cha simu. Pahali pa mtu kusimama kidogo akiongea na mteja, yeye alipafanya chumba chake kutoka asubuhi hadi jioni, amwachie mwanamke nafasi. Na Dolphine, kwa kuwa kioo hakifichi kitu, aligeuza kiti chake kikatazama ukuta. Wenzao walicheka sana. Wakasema mzee amewekwa dukani auzwe.

Wawili wale hawakucheka. Walikuwa wanapeana heshima kwa namna walivyoweza. Sasa turudi kwa mzee.

Ijumaa ni siku ya kila mtu kubaki kwake, lakini hao wawili walikuja, kila mmoja akidhani mwenzake hatakuwapo. Meza yote ndefu ilikuwa tupu. Dolphine alisukuma mlango wa kibanda, ukagoma. Unafungukia ndani, na mzee mwenyewe ndiye aliyeuziba.

"Baba, sogea kidogo. Sogea, tafadhali!"

Midomo ya mzee ilicheza. Hakuna kilichotoka.

Na hapa, msomaji wangu, utanikasirikia. Dolphine ni mwembamba. Angesukuma kidogo, angejipenyeza. Lakini alisimama. Alitazama ile nafasi, akaona hakuna pa kuweka mguu bila kumkanyaga mzee, wala pa kuweka mkono bila kumshika. Mwili ukakataa. Akatoka mbio kutafuta mwanamume.

Aligonga ofisi ya jirani, kwa wakili. Kumefungwa. Akagonga kwa wale vijana wa kompyuta. Giza. Akagonga kwa shirika la wakulima, akakuta karatasi mlangoni yenye namba ya simu: tupigie, tuko nyumbani. Jengo lile zamani lilikuwa na kelele mpaka mtu anaomba watu wanyamaze. Siku hiyo lilikuwa na milango tu.

"Jamani! Kuna mtu? Saidieni!"

Sauti yake ikamrudia mwenyewe.

Maroa, mlinzi wa geti, Mkuria mrefu asiyekuwa na haraka na mtu, alimwona akishuka ngazi bila viatu.

"Wewe mama, nini? Mwizi?"

"Mzee ameanguka! Njoo unishikie mzee!"

"Mzee gani?"

"Baba mkwe wangu! Maroa, njoo!"

Siku hiyo Maroa alikuwa na haraka. Alipanda ngazi mbili mbili, akatia bega kwenye mlango wa kioo. Ukasogea kidogo, ukakataa.

"Nikisukuma zaidi nitamvunja shingo," akasema. "Na mimi siingii hapa, ona vile niko. Ingia wewe."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Ni baba mkwe wangu. Siwezi kumshika."

Maroa alimtazama, kisha akatazama kile kioo.

"Mama, hata kwetu Kuria iko hiyo mambo. Mimi naijua. Lakini huyu mtu anakufa na sisi tunaongea. Ingia!"

Aliingia. Alijibana ubavu mpaka vifungo vya blauzi vikakatika. Akapiga magoti, akamwinua mzee kichwa, akakilaza kwenye mapaja yake. Hewa ya mle ndani ilikuwa nzito, ya mtu aliyekaa mahali padogo tangu asubuhi. Akamvua miwani. Akamfuta mate kwa kitambaa cha kichwani mwake.

Mzee alifungua macho. Akaona ni nani amemshika. Na kwa nguvu zile chache zilizobaki, nguvu za kuhesabu pumzi tu, akageuza uso wake akautazamisha kioo, asimwone mkamwana wake usoni.

Chozi likamtoka, likashuka upande ule uliokuwa bado unasikia.

"Nisamehe, Baba," Dolphine alilia. "Nisamehe. Nisamehe."

Hakujua anaomba msamaha wa lipi, wa kumshika au wa kuchelewa kumshika. Aibu ilimchoma, na huruma ikamchoma kuliko aibu.

Alimvuta kidogo kidogo mpaka mlango ukaachia. Maroa akambeba mzee mgongoni. Sakafuni ilibaki simu ya mzee, kabambe ya zamani ya vibonye, hakuna aliyewahi kumshawishi anunue nyingine. Maroa akainama na mzigo wake, akaiokota, akaitia kwenye mfuko wa koti la mzee. Ikumbukeni hiyo simu.

Hospitali ya kwanza ilimpima, ikasema ni mshipa wa kichwa, apelekwe Homa Bay kwenye mashine ya kupiga picha. Ambulensi ilipita Rongo ikilia. Dolphine alikaa nyuma kando ya nesi, akatoa simu kwenye mkoba ili ampigie mumewe.

Hakumpigia.

Kioo cha simu kilikuwa kinamngoja na jina moja. Baba Mzee. Simu ambazo hukupokea.

Akakumbuka. Mungu wangu, alikumbuka kila kitu!

Ofisi mpya ilikuja na amri mpya. Kwa kuwa kuta hazipo, simu zisilie, zitetemeke tu. Asubuhi ile yake ilitetemeka mezani. Akaona jina, akashangaa. Namba ile alipewa siku ya harusi kwa ajili ya msiba na ajali, na haikuwahi kumpigia hata siku moja. Mzee si yuko hapo nyuma yangu, akawaza. Basi ameikalia simu, imejipiga yenyewe. Maana baba mkwe ampigie mkamwana wake kwa lipi? Mama mkwe wake, Bathsheba, alimwambia siku ile ile ya harusi mbele ya wanawake wote: "Mzee akiwa na neno na wewe, nitakuletea mimi."

Akaiacha. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Akaifunika kwa faili, asije akamwaibisha mzee wa watu.

Mzee alikuwa anamwita. Alikuwa anamwita kutoka pale pale, mbali kama kutoka mlangoni hadi jikoni. Angegeuza shingo tu. Shingo tu!

"Mama, uko sawa?" nesi akauliza.

"Niko sawa."

Na kidole chake kikafanya kazi ambayo hakukituma. Kilibonyeza, kikashikilia, kikafuta. Simu za Baba Mzee zikatoka kwenye orodha. Ndipo akampigia Okari.

"Baba ameanguka ofisini. Tunakuja Homa Bay."

"Ameanguka? Ameanguka vipi? Saa ngapi?"

"Sijui, Okari. Nilikuwa nimempa mgongo."

Bathsheba ndiye aliyefika hospitalini kwanza. Duka lake la vitambaa liko mjini Homa Bay, na alitoka mbio hata kamba ya kupimia ikabaki inaning'inia shingoni. Okari alikuja kutoka Oyugis anakouza vifaa vya ujenzi, suruali imejaa vumbi la simiti. Walimpokea mzee mlangoni, machela ikapita kati yao, mapazia yakafungwa.

Wakangoja. Dolphine akawasimulia alivyomkuta mzee kibandani na alivyomshika. Walimwomba Mungu kwa sauti, wakamwomba kimya kimya. Dolphine alikuwa na ombi moja tu, na nitawaambia kwa sababu hakumwambia mtu: Baba apone, aamke, hata akija kunishtaki mbele ya ukoo wote, aamke tu.

Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa ziwa daktari alipotoka. Alikuwa kijana, na alitazama viatu vyake kabla ya kuwatazama.

"Mama, tumejitahidi," akasema. "Damu ilikuwa imeshavuja sana. Angeletwa mapema kidogo, tungekuwa na la kufanya."

Okari alipiga ukuta kwa kiganja. Alipiga tena. "Baba! Baba yangu!" Mtu mzima yule, sauti ilimtoka kama ya mtoto, na watu kwenye korido wakageuza nyuso.

Bathsheba hakulia. Aliketi kwenye benchi la chuma, akapokea koti la mume wake kutoka kwa nesi, akalikumbatia tumboni.

Dolphine alianguka magotini. Okari akasimama mbele yake.

"Mlikuwa wawili," akasema. "Ofisi nzima, wewe na yeye. Dolphine, hukuona? Mtu anaanguka nyuma yako, hukuona?"

Dolphine alifungua mdomo.

"Angeona nini?" Bathsheba alidakia. Sauti ilikuwa kali, ya haraka. "Alikuwa amempa mzee mgongo kama nilivyomfundisha. Unataka angemkodolea baba yako macho? Wasichana wa siku hizi ndio wangefanya hivyo. Huyu alikaa kwa adabu. Na ilipofika shida akamshika mzee kichwa, akamlaza kwenye mapaja yake. Okari, usimguse huyu. Njoo hapa, mama Monari."

Mama Monari ndilo jina la Dolphine nyumbani, kwa mtoto wake wa kwanza. Akainuliwa, akaketishwa kando ya mama mkwe, akashikwa bega.

"Umetutendea wema," Bathsheba akasema. "Mungu ameona ulivyotutendea."

Afadhali angempiga kofi.

Wakati huo huo Celestine akatokea mwisho wa korido. Celestine ndiye meneja wa Wimbi Bima, Mjaluo, mwanamke wa heshima zake. Alikuwa amekuja mbio kutoka kwake mtaa wa Makongeni, hapo hapo Homa Bay, maana naye siku hizo alifanyia kazi nyumbani. Alikuwa na sapatu za nyumbani miguuni.

"Yawa, nimesikia," akasema. "Mama, pole. Okari, pole sana. Mzee alikuwa baba yetu sote."

Okari alimgeukia kama aliyekuwa anamngoja.

"Mlimuua na vioo vyenu!"

"Okari…"

"Zamani mlikuwa na kuta za mbao! Mtu akikohoa chumba cha pili, unasikia, unamuuliza kama ameshikwa na homa. Mkabomoa. Mkasema ni ofisi ya kisasa. Baba amekaa ndani ya chupa anagonga, hakuna anayesikia. Hiyo ndiyo ya kisasa?"

Celestine alijishika kifua. "Kile kibanda si cha kukaa. Nilimwambia mzee, nikamwambia tena, toka hapo, hakuna hewa ya kutosha. Alitabasamu tu, hakuniambia sababu." Akamtafuta Dolphine kwa macho. "Na wewe. Uliniomba nikubadilishie siku. Nikakuuliza kuna nini, ukaniambia hakuna kitu. Kwa nini hukusema? Mimi ni Mjaluo, Dolphine. Mume wangu hawezi kukaa chumba kimoja na mama yangu, unafikiri sijui? Ningekuwekea pazia. Pazia tu, mama, la pesa kidogo."

Dolphine aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Aliona haya. Ofisi yenye mashine ya kahawa na viti vinavyozunguka, kila mtu anaongea mambo ya mifumo, naye asimame aseme baba mkwe wangu hafai kuniona? Alidhani watamcheka. Mzee naye bila shaka alidhani hivyo hivyo. Pazia moja lingewatosha.

"Mke wangu umwache," Okari akasema. "Wewe nijibu hili. Baba alikuwa kwenye kibanda cha simu, na simu anayo. Hakuwa mtu wa kufa kimya. Alikupigia wewe, meneja wake. Na wewe ulikuwa kwako kwenye kochi, ukaona ni mzee, ukasema anataka kunisumbua. Hukushika."

"Hakunipigia."

"Unadanganya."

"Naapa mbele ya Mungu, hakunipigia! Chukua simu yangu, angalia mwenyewe!"

"Yako? Yako unaweza kufuta," Okari akasema. "Ya baba haijafutwa."

Dolphine aliusogeza mkoba wake nyuma yake kwenye benchi.

Okari alinyoosha mkono. "Mama, simu iko kwenye koti. Nipe."

Bathsheba alilikumbatia koti zaidi. "Jua linazama. Sabato inaingia. Mambo ya ugomvi tuyaache nje."

"Halijazama."

"Baba yako hata mwili haujapoa, Okari! Unataka kufanya mahakama hapa kwenye benchi?"

"Nataka kujua alimwita nani. Mimi ni mtoto wake, nataka kujua alimwita nani na nani akanyamaza. Nipe simu, Mama."

"Nimesema hapana!"

Watu waligeuka tena. Dolphine alimtazama mama mkwe wake kwa mshangao. Ananilinda, Dolphine akawaza. Amejua. Sijui amejuaje, lakini amejua, na ananilinda. Machozi yakamtoka upya.

"Mama, mpe," Celestine akasema, naye analia. "Tafadhali mpe. Mimi nina watoto, na mji huu ni mdogo. Siwezi kubeba jina la kwamba niliacha mzee akafa."

Sema, Dolphine. Sema sasa. Mwanamke wa watu anatukanwa kwa ajili yako, na unachotakiwa ni kufungua mdomo.

Hakufungua. Nimejaribu kumtetea tangu hadithi hii ianze, lakini kwa hilo sina la kumtetea. Aliogopa. Aliogopa kuitwa yeye aliyemwacha mzee, atengwe jikoni, asipewe sufuria ya kupikia matangani, Okari amtazame kila asubuhi na asiseme kitu. Akanyamaza.

Okari aliinama akaingiza mkono ndani ya koti. Mama yake akamshika kifundo cha mkono, akashindwa. Simu ikatoka. Kabambe haina namba ya siri. Unabonyeza kijani, unabonyeza tena, inampigia mtu wa mwisho.

"Tutaona ni ya nani italia," akasema. Macho yake yalikuwa kwa Celestine tu, hakuangalia hata kioo.

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

Celestine aliinua simu yake juu kwenye kiganja, watu wote waione. Kimya. Haikulia.

Kitu kikaanza kutetemeka kwenye benchi la chuma.

Kilikuwa mkoba wa Dolphine. Ulitetemeka ukagongana na chuma, na kwenye korido ile kelele yake ikasikika mpaka kwa manesi. Okari aligeuza kichwa pole pole. Akautazama mkoba. Akamtazama mke wake. Ndipo akaitazama simu mkononi mwake, akasoma jina lililoandikwa: Mama Monari.

Mkoba uliendelea kutetemeka.

Dolphine aliufungua. Akaitoa simu, na pale kwenye kioo alikuwa yeye, Baba Mzee, anapiga. Mara hii hakuifunika. Akaibonyeza, akaiweka sikioni, akainamisha uso jinsi mkamwana anavyoinamisha.

"Haloo, Baba," akasema.

Na mkononi mwa Okari, kwenye spika ndogo ya ile kabambe, sauti ikatoka hivyo hivyo: haloo, Baba.

Celestine aliketi chini sakafuni na sapatu zake.

Okari hakukata. Mke wake alikuwa mbele yake, angemshika bega kama angetaka. Badala yake aliinua simu ya baba yake, akaiweka sikioni, akaongea kwa sauti ya chini.

"Kwa nini hukushika?"

"Nilidhani imejipiga," Dolphine akalia ndani ya simu. "Nilidhani amekosea. Hajawahi kunipigia, Okari. Nilidhani namheshimu."

"Ukafuta?"

"Nilifuta."

Okari alishusha simu. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, na alipiga hatua moja kuelekea kwenye benchi.

"Bonyeza chini," Bathsheba akasema.

Hakumtazama mtu. Alikuwa ameitoa ile kamba ya kupimia shingoni, ameikunja kwenye kiganja.

"Nini?"

"Chini ya mama Monari kuna mwingine. Bonyeza uone."

Okari akabonyeza. Akasoma. Akainua macho kumtazama mama yake.

"Alianza na mimi," Bathsheba akasema. "Kama tulivyozoea. Akiwa na neno kwa mkamwana, ananiambia mimi, mimi ninampigia. Na mimi nilishika, Okari. Nilikuwa nampimia mteja kitambaa, simu nimeibana hapa begani. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanakwama. Akaniambia, 'Mwambie mama Monari ageuke.'"

Aliikunjua ile kamba, akaikunja tena.

"Nikaona haya mbele ya mteja. Nikamwambia, mzee mzima, umtazame mke wa mtoto wako kwa nini? Shika adabu yako. Nikakata simu, nikaendelea kupima."